Unga wa Yanga na Watoto wa Wali

Bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga. Mtoto wa Ifakara huzoea wali kwa perege tangu angali mdogo, na kumbadilishia chakula si kazi ndogo.

Ukame wa 1973 na 1974, uliokuja pamoja na pilikapilika za kuhamia vijijini, ulilazimisha taifa kuagiza nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Katika miaka hiyo, na ile ya uhaba iliyofuata, tuliujua unga wa mahindi ya njano ya Marekani. Wananchi, kwa utani wa mpira, waliuita unga wa Yanga.

Watoto wengi waliukataa. Nikiwa mwalimu kijana nilijiuliza: nani kawafundisha kukataa? Sikuulaumu ulimi wao. Walikuwa wamewaona wakubwa wakikunja uso jamvini na kusema hicho ni chakula cha mifugo.

Kumbe rangi ile ina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, mlinzi wa macho. Sembe jeupe tulilolililia halina kitu hicho cha kutosha.

Leo mzazi mwenye fedha kidogo huuliza apike nini cha upesi kisichosusiwa. Ndugu msomaji, atazame mashine ya kukobolea mpunga: chenga za mchele ni rahisi kuliko mchele mzima, tena huiva haraka. Azipike kwa karanga zilizotwangwa, mchicha pembeni. Kisha aanze yeye kula, kwa uso mkunjufu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.