Kuchora Siri: Juu ya Kupanga Usimulizi wenye Picha wa Shairi la Gawain na Shujaa wa Kijani

0. Utangulizi

Mtu anayetaka kulisimulia upya shairi la kale kwa maneno na kwa picha hukutana na maswali mawili kabla hajashika kalamu: achore nini, na akichore wapi katika mfululizo wa kisa. Kwa kawaida swali la kwanza ndilo linaloonekana zito. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa shairi moja la Uingereza ya karne ya 14, swali la pili lina uzito zaidi. Shairi hilo ni lile la Gawain na Shujaa wa Kijani, mojawapo ya tungo nyingi za Ulaya zinazohusu Mfalme Arthur na mashujaa wapanda farasi wa baraza lake. Limejengwa juu ya siri. Na picha, kwa tabia yake, haijui kutunza siri.

Yafaa kisa chenyewe kielezwe kwa ufupi. Siku ya Mwaka Mpya, Arthur anasherehekea pamoja na watu wake huko Camelot. Jitu linaingia ukumbini juu ya farasi. Ngozi yake, nywele, mavazi, hata farasi wake, vyote ni vya kijani. Linapendekeza mchezo: yeyote mwenye ujasiri alipige kwa shoka, kwa sharti kwamba naye atapokea pigo kama hilo baada ya mwaka mmoja na siku moja. Gawain, mpwa wa mfalme, anaomba kulichukua jambo hilo badala ya mjomba wake. Anakikata kichwa cha jitu. Jitu linakiokota kichwa chake, linapanda farasi, na kile kichwa kinafumbua macho na kumkumbusha Gawain miadi yao kwenye Kanisa la Kijani.

Mwaka unapokaribia kwisha, Gawain anasafiri katika baridi kali, na siku ya mkesha wa Noeli anafikia ngome ya bwana mmoja mkarimu. Wanapatana kwamba kwa muda wa siku tatu kila mmoja atampa mwenzake chochote atakachokipata mchana. Mwenyeji anakwenda kuwinda. Mkewe anamwendea Gawain chumbani na kumjaribu. Jioni Gawain anamrudishia mwenyeji mabusu aliyopewa, lakini siku ya tatu anauficha mshipi wa hariri ya kijani, ambao bibi huyo amemwambia kuwa humkinga avaaye na kifo. Huko Kanisani jitu linainua shoka mara tatu. Mara mbili linalizuia. Mara ya tatu linamchanja Gawain shingoni kidogo tu. Ndipo linapojitambulisha: ndilo lililokuwa mwenyeji wake.

1. Mswada mmoja tu

Shairi hili limetufikia kwa njia nyembamba sana. Jina la mtunzi halikuandikwa. Lugha yake ni ya kaskazini-magharibi ya eneo la kati la Uingereza, ambayo ilitofautiana sana na ile ya London iliyokuja kuwa msingi wa Kiingereza sanifu. Lina mistari 2530 katika beti 101. Mistari mirefu inaunganishwa kwa takriri ya konsonanti za mwanzo, na kila ubeti unafungwa kwa mistari mitano mifupi yenye vina.

Nakala yake ya zamani ni moja pekee, ya miaka ya karibu na 1400, katika kitabu kidogo cha ngozi chenye tungo nne. Kitabu hicho kiliingia katika maktaba ya Robert Cotton, aliyepanga kabati zake chini ya sanamu za watawala wa Roma. Ndiyo sababu hadi leo kinaitwa Cotton Nero A.x. Tarehe 23 Oktoba 1731 moto ulizuka katika Ashburnham House, Westminster, ilimokuwa imewekwa maktaba hiyo. Miswada mingi iliungua au kuharibika, huu ulinusurika. Mwaka 1753 ukawa sehemu ya hazina ya British Museum iliyoanzishwa mwaka huo, na sasa umo katika British Library.

Wasomaji wa kawaida hawakulijua shairi hili kwa karne nyingi. Frederic Madden alilichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1839, naye ndiye aliyelipa jina, kwa kuwa mswadani halina. Mwaka 1898 Jessie Weston alilitafsiri kwa nathari. Mwaka 1925 J. R. R. Tolkien na E. V. Gordon wakatoa chapa iliyotumiwa na vizazi vya wanafunzi. Hivyo basi, kila picha iliyochorwa kwa ajili ya kisa hiki imetokana na toleo la karne mbili zilizopita, isipokuwa picha nne tu.

2. Mchoraji wa kwanza

Picha hizo nne zimo mswadani mwenyewe. Kitabu kizima kina picha 12, na nne kati yake ni za Gawain. Ya kwanza inaonyesha ukumbi wa Arthur: mfalme na malkia wako juu mezani, na chini jitu limepanda farasi likiwa limekishika mkononi kichwa chake kilichokatwa. Ya pili inamwonyesha bibi akimwendea Gawain kitandani. Ya tatu ni ya Kanisa la Kijani. Ya nne inamwonyesha Gawain akirudi mbele ya mfalme wake.

Wataalamu hawakuzisifu sana. Maumbo ni mazito na rangi zimepakwa bila ustadi mwingi, ingawa uchunguzi umebainisha kuwa chini ya rangi kuna michoro ya wino iliyo laini kuliko ile inayoonekana juu. Kwa mpangaji wa usimulizi mpya, hata hivyo, ubora wa mkono si jambo la kwanza. La kwanza ni mahali picha zilipowekwa. Picha ya ukumbini inatangulia shairi lote; zile tatu nyingine zinafuata baada ya mstari wa mwisho.

Iwe mpangilio huo ulikusudiwa au ulilazimishwa na nafasi iliyopatikana, matokeo yake ni wazi. Msomaji wa wakati ule alikiona kichwa kilichokatwa kabla hajasoma neno lolote. Mwujiza wa kwanza haukuwa siri tena. Lakini picha ya chumbani na ile ya Kanisani hakuziona mpaka amalize kusoma. Tena, katika picha zote nne, yule bwana wa ngome hakuchorwa hata mara moja akiwa mwenyeji: mawindo hayamo, karamu yake haimo, na uso wake haumo. Siri ndogo ilitolewa hadharani, siri kubwa ikaachwa kwa maneno.

Picha ya chumbani inafundisha jambo jingine. Gawain amelala na bibi amemwinamia. Mtazamaji anaona mtu aliyelala, basi. Shairi linasema vingine: Gawain ameusikia mlango, amelifunua pazia kidogo na kuchungulia, amemwona bibi, kisha amejilaza na kujifanya amesinzia huku akiwaza afanye nini. Mtu aliyelala na mtu anayejifanya amelala huchorwa kwa mistari ile ile. Hapo ndipo picha inapohitaji neno kando yake. Na asiyelitambua hilo atamfanya Gawain mjinga, ilhali mtunzi amemfanya mwerevu aliyefadhaika.

3. Uso wa mwenyeji

Mchoraji wa siku zetu hawezi kumwiga yule wa kwanza katika kila jambo. Kitabu chenye picha katika kila ukurasa wa pili hakiwezi kumficha mwenyeji, maana yumo katika sehemu kubwa ya kisa. Swali linabaki: achorwe kwa uso gani?

Akichorwa kwa uso ule ule wa jitu, rangi tu ikibadilishwa, hata mtoto atalitegua fumbo mapema, na safari ya Gawain kwenda Kanisani haitakuwa na hofu. Akichorwa kama mtu mwingine kabisa, mwisho wa kisa utaonekana kuwa hila ya msimulizi. Shairi lenyewe limepita katikati. Mtunzi anampa jitu ndevu kubwa mfano wa kichaka; mwenyeji naye anampa ndevu pana zinazong'aa, umbo kubwa, na uso mkali kama moto. Anayesoma kwa haraka hulipita hilo. Anayerudi kusoma mara ya pili hutambua kwamba alikuwa ameambiwa.

Huo ndio ushauri ambao shairi linampa mchoraji: picha ya mwenyeji iwe ya kweli inapotazamwa mara ya pili. Upana wa mabega, namna ya kusimama, mkono unavyoshika mpini, vitoshe kuwa ushahidi bila kuwa tangazo.

4. Siku tatu, mapigo matatu

Matoleo ya watoto yana ugumu wake. Kichwa kinachokatwa na kuzungumza huwafurahisha watoto. Bibi anayeingia katika chumba cha mgeni huwatia wazazi na walimu wasiwasi. Kishawishi cha kuzifupisha siku tatu za chumbani, au kuziondoa kabisa, ni kikubwa.

Lakini kisa hakiwezi kustahimili kukatwa hapo. Mapigo matatu ya shoka ni hesabu ya siku tatu. Pigo la kwanza na la pili linazuiwa kwa sababu Gawain alitimiza ahadi siku mbili. La tatu linamchanja kwa sababu siku ya tatu aliuficha mshipi. Siku hizo zikiondolewa, jeraha la shingoni halina maana, na jitu linabaki zimwi linalochezea watu. Gawain alidhani anangoja mtihani wa shoka, kumbe mtihani ulikuwa umekwisha kupita, kitandani na mezani, pasipo shoka lolote.

Mtunzi mwenyewe ameonyesha jinsi ya kulipanga jambo hili. Kila siku ameyafunga ya chumbani ndani ya ya porini: kwanza mwenyeji anatoka kuwinda, kisha bibi anaingia, kisha mawindo yanakamilika. Siku ya kwanza ni kulungu, ya pili nguruwe mwitu, ya tatu mbweha. Kurasa mbili zinazotazamana zinaweza kulibeba hilo bila kumwaibisha msomaji yeyote: upande mmoja mnyama anayefukuzwa, upande wa pili mtu anayezungumza kwa adabu huku akitafuta pa kupenyea. Siku ya mbweha, yule mnyama mjanja anayekwepa na hatimaye kunaswa, ndiyo siku Gawain anapopokea mshipi. Anayeziona picha mbili pamoja hahitaji kuelezwa.

5. Rangi na neno lake

Katika Kiswahili rangi hii ina faida ya pekee. Neno kijani limetokana na jani, na asili hiyo bado inasikika kwa kila msemaji. Jitu linapoingia ukumbini mkono mmoja una shoka, na mwingine una tawi la mti usiopukutisha majani wakati wa baridi. Uhai na kifo vimebebwa na mtu mmoja, na jina lake la Kiswahili linalitaja jani waziwazi.

Upande wa pili kuna wekundu. Gawain anatoka na ngao nyekundu yenye nyota ya dhahabu ya ncha tano, alama ya uaminifu wake. Ndani ya ngao hiyo imechorwa sura ya Bikira Maria. Asubuhi ya kwenda Kanisani anaufunga mshipi wa kijani juu ya vazi lake jekundu, na mtunzi hakosi kueleza jinsi rangi hizo mbili zinavyopendezana. Mpangaji mwangalifu ataweza basi kuuzuia ukijani tangu jitu linapoondoka Camelot: safari ipakwe kijivu na weupe wa theluji, ngome ipakwe dhahabu na kahawia. Rangi ile irudi kwa mara ya kwanza katika mikono ya bibi, ikiwa ukanda mwembamba wa hariri. Jicho litashtuka kabla akili haijajua sababu.

6. Hitimisho

Kazi hii haijakoma. Mwaka 1981 Selina Hastings alikisimulia kisa hiki pamoja na mchoraji Juan Wijngaard. Mwaka 2004 Michael Morpurgo akafanya hivyo pamoja na Michael Foreman. Na tafsiri ya kishairi ya Simon Armitage, iliyotoka mwaka 2007, ilitolewa tena mwaka 2018 ikiwa na picha za Clive Hicks-Jenkins, aliyekuwa ameandaa mfululizo wa picha 14 juu ya shairi hilo. Mwenye kukusudia toleo la Kiswahili atakuwa na msaada mmoja zaidi: upatanisho wa ngeli humletea takriri za mwanzo wa maneno bila kuzitafuta.

Hata hivyo picha ya mwisho itamsumbua kila mpangaji. Gawain amerudi amevaa mshipi kama alama ya woga na ya ahadi iliyovunjwa. Anaungama mbele ya wote. Arthur na baraza lake wanacheka kwa upendo, na wanaamua kuvaa mishipi ya kijani kama yeye, kwa heshima yake. Aibu ya mmoja inakuwa pambo la wote, na mtunzi hasemi ni nani aliye sahihi. Mishipi yote lazima ichorwe sawasawa. Tofauti iachwe katika nyuso. Nyuso nyingi zitacheka, na mmoja hautacheka.