Sandinista! Baada ya Wasandinista

Mwezi Desemba 1980, kundi la muziki wa panki la Uingereza, The Clash, lilitoa albamu ya santuri 3 na nyimbo 36, likaiita Sandinista! Jina hilo lilitoka Nikaragua, ambako Julai 1979 wapiganaji wa FSLN waliuangusha utawala wa ukoo wa Somoza uliodumu zaidi ya miaka 40. Miongoni mwa kazi zote za kundi hilo, hii ndiyo niipendayo zaidi, na siku hizi huisikiliza kama hati ya kihistoria.

Waliotumaini mwaka ule hawakuwa wajinga. Katika kampeni ya kusoma na kuandika ya 1980, maelfu ya vijana wa Nikaragua walikwenda vijijini kuwafundisha watu wazima. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma walipungua kutoka takriban nusu ya watu hadi karibu asilimia 13. Msanii aliyeyasifu mapinduzi hayo alikuwa na cha kusifia.

Kundi lenyewe halikudumu. Mpiga ngoma Topper Headon alitolewa 1982, mpiga gitaa Mick Jones 1983, na kufikia 1986 The Clash haikuwapo tena. Mwimbaji Joe Strummer alifariki Desemba 2002, wakati FSLN ingali nje ya madaraka baada ya kushindwa katika uchaguzi wa 1990. Hakuyaona yaliyofuata.

Daniel Ortega alirejea madarakani 2007, naye hajatoka. Mwaka 2018, maandamano yaliyoanza kwa kupinga mabadiliko ya hifadhi ya jamii yalizimwa kwa risasi. Zaidi ya watu 300 waliuawa. Mwaka 2021, kabla ya uchaguzi, wapinzani walikamatwa mmoja baada ya mwingine. Mmoja wao alikuwa Hugo Torres, mshiriki wa shambulio la 1974 lililomtoa Ortega mwenyewe gerezani. Torres alifariki Februari 2022 akiwa bado kizuizini. Dora María Téllez, kamanda na waziri wa afya wa zamani, alifungwa, kisha 2023 akafukuzwa nchini na kuvuliwa uraia pamoja na wenzake zaidi ya 200. Leo Ortega anatawala na mkewe, Rosario Murillo, kwa cheo cha marais wenza. Nchi iliyomwaga damu kuondoa ukoo mmoja imejikuta chini ya ukoo mwingine.

Je, tuione albamu hii kuwa aibu? Sioni hivyo. Wimbo wake uitwao Washington Bullets, unaowasifu Wasandinista, unaishutumu Marekani kwa matendo yake Chile na Kuba. Lakini hauishii hapo: unaukabili pia Umoja wa Kisovieti kuhusu Afghanistan, na China kuhusu Tibet. Kipimo ni kimoja kwa wote, na anayekishika leo hana budi kumpima nacho Ortega.

Ndugu msomaji, sifa za ukombozi hutolewa kwa tendo. Hazirithiwi kama shamba la ukoo. Mtumishi wa umma au mwanafunzi anayeambiwa anyamaze kwa kuwa watawala walipigana zamani, na awakumbuke Torres na Téllez. Nao walipigana. Walichokidai uzeeni ni kile kile walichokishikia bunduki ujanani.