Mbwa Waliopeleka Dawa Nome

Katika lugha yetu mbwa hakujaliwa sifa njema. Jina lake likitamkwa kwa mtu ni tusi, na katika nyumba nyingi ujira wake kwa kulinda usiku kucha ni makombo ya ugali na, siku ya bahati, mfupa. Wako watu wampendao mbwa kwa moyo, na wako wamwepukao kwa ajili ya dini au kwa kuogopa meno yake. Wote wawili, ampendaye na amwepukaye, wana haki ya kusikia habari za majira ya baridi ya mwaka 1925, wakati maisha ya watoto wa mji mmoja yalipotegemea miguu ya wanyama hawa na si kitu kingine.

Mji huo ni Nome, katika Alaska, nchi iliyo pembeni kabisa, kaskazini-magharibi ya bara la Amerika. Marekani iliinunua Alaska kwa Urusi mwaka 1867, na katika 1925 ilikuwa bado haijapewa cheo cha jimbo kamili. Cheo hicho ilikipata mwaka 1959. Nome uko pwani ya Bahari ya Bering. Dhahabu ilipoonekana huko mwishoni mwa karne ya kumi na tisa watu walimiminika kwa maelfu; dhahabu ilipopungua walitawanyika kama walivyokuja, na mwaka 1925 walikuwa wamebaki watu wapatao 1,400, baadhi yao wazungu na baadhi wenyeji wa asili. Kila mwaka, kuanzia kama Novemba, bahari ya huko huganda, wala hapana meli iwezayo kuukaribia mji mpaka kiangazi. Reli haikufika, barabara haikuwapo. Barua zililetwa na mbwa, na safari ya barua kutoka kituo cha reli cha Nenana mpaka Nome ilichukua siku zipatazo 25.

Daktari wa mji alikuwa mmoja tu, Curtis Welch, akisaidiwa na wauguzi wanne. Mnamo Desemba 1924 alianza kuona watoto wenye maumivu ya koo, kisha wengine wakafa, na hatimaye akaona katika koo la mgonjwa utando wa kijivu ambao kila daktari wa zama zile aliujua na kuuogopa. Ulikuwa ni ugonjwa wa dondakoo. Viini vyake hukaa kooni na kutoa sumu. Utando huziba njia ya pumzi, na sumu huushambulia moyo. Dawa ilikuwapo, yaani seramu ya kuipinga sumu hiyo, iliyopatikana katika damu ya farasi, na Emil von Behring wa Ujerumani alikuwa amepewa kwa kazi hiyo tuzo ya kwanza ya Nobel ya utabibu, mwaka 1901. Lakini seramu ya Welch ilikuwa imepitwa na wakati. Aliyoagiza haikufika kabla ya barafu kuifunga bandari.

Ili kuelewa hofu iliyouingia mji huo, yafaa kukumbuka jambo lililotokea miaka michache nyuma. Mwaka 1918 homa kubwa ya mafua, ile iliyozunguka dunia nzima na kufika hata kwetu Afrika ya Mashariki, iliua kiasi cha nusu ya wenyeji wa asili wa Nome. Kwa hiyo Welch hakuwa na haja ya kukisia ugonjwa mgeni ungeweza kufanya nini katika vijiji vile. Tarehe 22 Januari alipeleka habari kwa simu ya upepo, akiomba vipimo milioni moja vya seramu. Vilivyopatikana karibu vilikuwa 300,000, katika hospitali ya reli ya Anchorage. Havikutosha kuukomesha ugonjwa, bali vilitosha kuuzuia mpaka vingine vije kwa meli na reli kutoka kusini. Chupa zilifungwa katika blanketi nzito na kutiwa katika mkebe wa chuma; mzigo wote ulikuwa na uzito wa ratili 20 hivi, yaani kilo 9. Mtoto wa darasa la nne angeweza kuubeba.

Je, upelekwe namna gani? Wako waliotaka upelekwe kwa ndege, na magazeti yalilipenda sana shauri hilo. Lakini ndege zilizokuwako, katika mji wa Fairbanks, zilikuwa za namna ambayo rubani hukaa wazi hana kifuniko juu ya kichwa, nazo zilikuwa zimekwisha kufunguliwa vipande vipande kwa ajili ya majira ya baridi. Gavana Scott Bone alikata shauri la mbwa. Alilaumiwa, na mimi naona alilaumiwa bure: ndege ikianguka katika theluji, seramu yote ingepotea pamoja na rubani, na Nome isingekuwa na dawa nyingine ya karibu.

Hapa nitasimama kidogo nieleze kazi ya mbwa hawa, maana msomaji aliyekulia Kisumu au Lamu hana sababu ya kuijua. Sleji ni kigari kisicho magurudumu, kiserereкacho juu ya mbao mbili ndefu. Mbwa hufungwa wawili wawili mbele yake kwa mikanda ya kifuani, na mbele ya wote hutangulia kiongozi. Hapana hatamu wala lijamu. Mwendeshaji husimama nyuma na kutoa amri kwa sauti tu, kulia au kushoto, na kiongozi ndiye aisikiaye na kuitii. Tena mara nyingine kiongozi hutakiwa asiitii, kwa kuwa yeye hunusa njia iliyofunikwa na theluji, na huhisi chini ya nyayo zake barafu iliyo nyembamba kabla mtu hajaijua. Manyoya yao ni tabaka mbili, la ndani laini na la nje gumu. Usiku hujikunja katika theluji na kuifunika pua kwa mkia. Tunu yao mwisho wa safari ni samaki mkavu, nao humrukia kama watoto wanavyoirukia sahani ya biriani siku ya sikukuu.

Mkebe ulifika Nenana kwa gari la moshi usiku wa tarehe 27 Januari. Kutoka hapo mpaka Nome ni maili 674, au kilomita 1,085, mwendo unaopita safari ya kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Watu 20 na mbwa wapatao 150 waligawana njia hiyo, kila mmoja akimpokea mwenziwe kijiti. Wa kwanza alikuwa William Shannon. Usiku ule baridi ilishuka mpaka karibu nyuzi 46 za sentigredi chini ya kiwango cha maji kuganda. Aliruka chini akakimbia kando ya sleji ili damu yake isisimame, na alipofika kituoni uso wake ulikuwa mweusi kwa kuunguzwa na baridi. Alimpokeza Edgar Kalland, kijana wa kabila la Waathabaska, na husimuliwa kwamba Kalland alipofika mwisho wa zamu yake mikono yake ilikuwa imegandamana na mti wa kushikia, ikabidi mwenye nyumba ya wasafiri amwagie maji ya moto ndipo ibanduke. Mbele zaidi, Charlie Evans alipotelewa na mbwa wake wawili kwa baridi. Alijifunga mikanda mwenyewe akavuta pamoja na waliosalia.

Zamu iliyo ngumu kuliko zote ilikuwa ya Leonhard Seppala, mzaliwa wa Norwe aliyekuwa mwendesha mbwa mashuhuri wa Nome. Binti yake wa pekee alikuwa katika mji ule ule wenye ugonjwa. Kiongozi wake aliitwa Togo, kwa jina la amiri jeshi wa majini wa Japani. Togo alizaliwa mdogo na mgonjwa, hata Seppala akamwona hana faida, akampa mtu amfuge nyumbani. Mbwa akapasua kioo cha dirisha kwa kuruka, akarudi alikotoka. Alipokuwa na umri wa miezi minane alifuata safari kwa siri, akawasumbua mbwa wakubwa mpaka Seppala akamfunga mikanda ili apate amani. Kabla ya siku kwisha mtoto huyo alikuwa mbele pamoja na kiongozi. Katika 1925 Togo alikuwa na umri wa miaka 12, umri ambao mbwa wengi huwa wamekwisha kustaafu.

Seppala alitoka Nome kwenda kukutana na dawa njiani. Nyuma yake wagonjwa wakaongezeka, na wakubwa wakaongeza waendeshaji ili mwendo uwe wa haraka, lakini habari hiyo haikuweza kumfikia. Tarehe 31 Januari, karibu na kijiji cha Shaktoolik, nusura apishane na mtu aliyeuchukua mkebe, Henry Ivanoff, ambaye mbwa wake walikuwa wametatizana kwa ajili ya kulungu wa theluji. Ivanoff alipiga kelele kwamba dawa anayo yeye. Seppala aligeuka. Mbele yake ilikuwapo ghuba ya Norton, ambayo siku ile ile alikuwa amekwisha kuivuka mara moja juu ya barafu. Kuizunguka kwa pwani kungekula muda mwingi, na kuivuka tena usiku, upepo ukivuma kwa nguvu, kulikuwa ni kuyatupa maisha juu ya sakafu inayoweza kupasuka. Wazee wetu husema mbwa hafi maji aonapo ufuko, lakini usiku ule ufuko haukuonekana. Togo aliongoza gizani mpaka nchi kavu. Haukupita muda mrefu barafu ile ikapasuka na kuchukuliwa na bahari.

Kwa jumla Togo na wenziwe walikwenda maili 261, yaani kilomita 420, na katika hizo walibeba dawa maili 91. Waendeshaji wengine, kila mmoja, walikwenda kwa wastani maili 31. Yakumbuke hesabu hayo, msomaji, maana yatahitajiwa sasa hivi.

Kutoka kwa Seppala mkebe ulipita kwa Charlie Olson, na kutoka kwa Olson ukapita kwa Gunnar Kaasen, ambaye kiongozi wake alikuwa Balto, mbwa mweusi wa zizi la Seppala, ambaye Seppala mwenyewe alimhesabu kuwa wa kukokota mizigo tu. Tufani ilikuwa kali hata Kaasen hakuweza kuwaona mbwa waliokuwa karibu naye. Upepo uliipindua sleji, mkebe ukaanguka katika theluji, naye akavua glavu akaupapasa kwa mikono mitupu mpaka akaupata. Alipofika kituo cha mwisho alimkuta mwenzake amelala na taa zimezimwa. Wako waliodai baadaye kwamba alimpita makusudi kwa kutamani utukufu. Mimi siwezi kumhukumu mtu aliyetoka katika tufani ile. Mbwa wake walikuwa wanakwenda vema, na kuwafunga wengine kungepoteza saa. Aliingia Nome alfajiri ya tarehe 2 Februari, saa 11 na nusu. Safari yote ilikuwa imechukua saa 127 na nusu. Dawa ilikuwa imeganda, lakini ilipoyeyushwa ilionekana haikuharibika, na kabla ya mwezi kwisha mji ulifunguliwa.

Magazeti yalitaka shujaa mmoja, na aliyeonekana akiingia mjini alikuwa Balto. Tarehe 17 Desemba 1925 sanamu yake ya shaba nyeusi ilizinduliwa katika bustani ya Central Park, New York, naye mwenyewe akihudhuria. Seppala aliona uchungu, hasa kwa kuwa sifa za Togo ziliandikwa kwa jina la mwingine. Walakini si haki kumwonea Balto kijicho. Baada ya shangwe yeye na wenziwe waliuzwa, wakawekwa huko Los Angeles katika chumba cha maonyesho ya senti kumi, wakikonda. Mfanyabiashara mmoja wa Cleveland, George Kimble, aliwaona mwaka 1927 akahuzunika. Watu wa mji wake, watoto wa shule wakiwamo, walichanga dola 2,000 katika siku zipatazo kumi, na mbwa saba waliosalia wakapelekwa Cleveland kuishi kwa raha. Balto alikufa mwaka 1933. Togo alikuwa amemtangulia, mwaka 1929, na ilimpasa kungoja mpaka 2001 kabla ya kupata sanamu yake katika jiji la New York.

Kwa hiyo mizani ya mbwa imekaribia kusawazishwa. Mizani ya watu bado. Watu waliokufa kwa dondakoo katika Nome waliandikwa kuwa watano au saba, lakini Welch mwenyewe aliamini kwamba wenyeji wa asili walizika watoto wao nje ya mji bila taarifa, na idadi yao haikuingia katika kitabu chochote. Tena wengi wa wale waendeshaji 20 walikuwa wenyeji hao hao, watu wa posta na wawindaji, waliozipita zamu zao katika misitu ya mto Yukon, mahali pasipo mpiga picha. Edgar Nollner alikuwa mmoja wao. Alibeba mkebe maili 24 usiku, kutoka Whiskey Creek mpaka Galena, akampokeza ndugu yake, akarudi katika maisha yake. Alifariki Januari 1999 akiwa na umri wa miaka 94, wa mwisho kubaki hai kati ya wale 20.