Saladi katika kupunguza uzito: mlo kamili hauishii kwenye majani

Ulaji wa saladi na kachumbari umekuwa chaguo la wananchi wengi wanaotaka kupunguza uzito, hususan katika miji. Chaguo hilo lina msingi wa kitaalamu, kwa kuwa mboga mbichi hujaza tumbo kwa kiasi kidogo cha nishati. Hata hivyo, anayeacha vyakula vingine vyote na kubaki na majani, nyanya na matango pekee hupunguza uzito huku akiupunguzia mwili protini, madini na vitamini unavyohitaji kila siku.

Suala hili lina uzito wa kipekee kwa wanawake. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulibaini kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na asilimia 45 ya wanawake wa umri huo walikuwa na upungufu wa damu. Takwimu hizo zinaonesha kuwa mtu anaweza kuwa na mwili mnene na bado akawa na upungufu wa virutubishi. Kwa mtu wa namna hiyo, mlo wa majani matupu unaweza kuondoa tatizo moja na kukuza jingine.

Nani anahitaji kupunguza uzito

Hali ya uzito kwa mtu mzima hupimwa kwa uwiano wa uzito na urefu. Uzito katika kilo hugawanywa kwa urefu katika mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, uwiano wa 18.5 hadi 24.9 ni wa kawaida, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo. Kwa mfano, mtu mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60 ana uwiano wa 31.25. Kipimo hiki hakitumiki kwa wajawazito, na watoto wana viwango vyao.

Si lazima kupunguza kilo nyingi ili kupata nafuu. Kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mtu wa kilo 80, husaidia kushusha shinikizo la damu na kiwango cha sukari mwilini. Mwendo unaoshauriwa ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kupungua kwa kasi kubwa zaidi huambatana na kupotea kwa misuli na huongeza uwezekano wa kupata mawe katika kibofu cha nyongo.

Kinachopatikana na kinachokosekana

Gramu 100 za nyanya zina takribani kilokalori 18, matango 15 na kabichi 25. Maji na nyuzinyuzi zilizomo hufanya mlaji ashibe mapema na kusaidia choo kuwa laini. Mboga hizo pia zina vitamini C na madini ya potasiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku.

Upungufu hujitokeza katika protini. Mtu mwenye kilo 75 anahitaji takribani gramu 60 za protini kwa siku, ilhali kilo nzima ya mchanganyiko wa nyanya, matango na kabichi haitoi zaidi ya gramu 10 hivi. Asipoipata kwingine, mwili huanza kutumia protini ya misuli yake wenyewe. Uzito hushuka kwenye mizani, lakini nguvu nazo hupungua.

Vitamini B12, inayohitajika katika kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu, haipatikani katika mboga. Hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Madini chuma yaliyomo katika mimea hufyonzwa kwa shida kuliko yale ya nyama na samaki. Vitamini A inayotokana na karoti na majani ya kijani huhitaji mafuta kidogo ili mwili uweze kuitumia. Kwa hiyo saladi isiyo na mafuta kabisa hupoteza sehemu ya faida yake.

Namna ya kuandaa saladi iliyo mlo kamili

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1973, imekuwa ikihimiza mlo unaochanganya makundi yote ya chakula. Kanuni hiyo inahusu saladi pia. Nusu ya sahani iwe mboga. Robo iwe chakula chenye protini kama vile maharage, choroko, dengu, mayai, samaki, dagaa au kuku asiye na ngozi. Robo inayobaki iwe kiazi kitamu, muhogo, ndizi ya kupika au ugali wa dona kwa kiasi.

Mfano mmoja ni gramu 200 za mboga mchanganyiko, kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa, yai moja la kuchemsha na robo ya parachichi, vikikamuliwa ndimu. Mlo huo una takribani kilokalori 400 na zaidi ya gramu 20 za protini. Ndimu, nyanya na pilipili hoho huongeza ufyonzwaji wa madini chuma yaliyo katika maharage, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huupunguza. Inafaa chai inywewe saa moja au zaidi baada ya kula. Dagaa wanaoliwa wazima, pamoja na mifupa, huongeza madini ya kalsiamu.

Tahadhari ichukuliwe katika viungo. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takribani kilokalori 120, na cha mayonezi kinakaribia 100. Vijiko vitatu vya mayonezi huzidi nishati ya kilo nzima ya mboga zenyewe. Chumvi yote inayoliwa kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kidogo kimoja.

Usalama wa mboga mbichi

Mboga zisizopikwa zinaweza kubeba vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo, amiba na mayai ya minyoo, hasa zikiwa zimemwagiliwa maji machafu. Mwandaaji anapaswa kunawa mikono kwa sabuni na maji tiririka, kuosha mboga moja moja kwa maji safi na salama, kumenya zinazomenyeka, na kutotumia ubao wala kisu kilichokatia nyama mbichi kabla ya kukiosha. Saladi iliwe mara baada ya kuandaliwa. Pale mlipuko wa kipindupindu unapotangazwa, ni salama zaidi kula mboga zilizopikwa na zikiwa moto.

Vilevile, si kila jani huliwa bichi. Kisamvu kina sumu ya sianidi ambayo hupungua kwa kutwangwa na kupikwa vizuri. Maharage nayo yasiliwe kabla hayajaiva kabisa. Mchicha, matembele na majani ya maboga yaliyopikwa kwa muda mfupi na mafuta kidogo yanafaa kabisa katika mpango wa kupunguza uzito, wala hayahitaji kugeuzwa saladi.

Wanaopaswa kupata ushauri kwanza

Wajawazito, mama wanaonyonyesha, watoto, vijana walio katika kukua na wazee waliodhoofika hawapaswi kuanza mlo wa kupunguza uzito bila ushauri wa mtaalamu. Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge wanaweza kushukiwa na sukari ghafla wakipunguza chakula bila dawa kurekebishwa. Wanaotumia dawa ya warfarini wasibadili ghafla kiasi cha majani ya kijani, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Wagonjwa wa figo nao huhitaji mwongozo maalumu kuhusu potasiamu.

Mtu aliyeanza mlo huu akapata kizunguzungu, uchovu usioisha, moyo kwenda mbio, nywele kukatika kwa wingi au kukosa hedhi, anapaswa kufika katika kituo cha kutolea huduma za afya ili apimwe, ikiwemo wingi wa damu.

Ulaji huo uambatane na mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka, kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Wananchi wanaohitaji mpango unaolingana na hali zao wanashauriwa kumwona afisa lishe wa halmashauri au mtoa huduma katika kituo cha afya kilicho karibu, na kupima uzito, urefu na wingi wa damu kabla ya kuanza.