Betri Zilizokuja Babati kwa Baiskeli

Kabla nguzo za REA, Wakala wa Nishati Vijijini, hazijafika Bonga na Galapo, umeme wa vijiji vya Babati ulisafiri kwa baiskeli. Betri ya gari ilifungwa kwa mpira kwenye kariya, ikaletwa mjini asubuhi, ikafuatwa kesho yake. Waliotoka mbali, Dareda au Magugu, waliikabidhi kwa kondakta wa basi pamoja na hela ya chaji. Nilikuwa kijana wa kazi katika kibanda kimoja cha kuchaji betri jirani na stendi, na sioni kama natia chumvi nikisema vibanda vile ndivyo vilivyowasha redio na televisheni za vijijini.

Mashine yenyewe haikuwa na makuu: transfoma nzito iliyovuma usiku kucha, diodi nne zilizofungwa kwenye bati nene la aluminiamu zisiungue, na geji ya ampea. Umeme wa TANESCO huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, ilhali betri inataka unaokwenda upande mmoja tu. Kazi ya diodi ilikuwa kuugeuza uwe hivyo. Siku hizi vijana wanaisomea hadi shahada ya uzamivu, wanaiita elektroniki ya nguvu. Sisi tuliita chaja, basi.

Bosi alikuwa na sheria moja: ampea zisizidi moja ya kumi ya ukubwa wa betri. Betri ya ampea-saa 70 ilipewa ampea 7, ikalala hapo usiku kucha. Ukiiharakisha inachemka, sahani za risasi zinamomonyoka ndani, na mteja anarudi kukugombeza mbele ya watu. Betri tuliziunga kwa mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, mkondo uleule ukapita zote. Moja ikiwa mbovu, foleni nzima inaumia. Ndiyo maana kila betri ilifunguliwa vizibo kwanza, ikapimwa kwa haidromita, lile bomba la kioo lenye kielea ndani. Kielea kikizama, betri haina kitu.

"Kijana wangu, usinirudishie betri yenye njaa," mzee mmoja wa Galapo alizoea kuniambia.

"Shikamoo mzee. Hii italala mpaka kesho, leo haijashiba."

Asidi ilitoboa mashati yetu yote. Ikimwagika sakafuni tuliimwagia maji ya magadi, yaleyale ya kupikia maharage, povu likapanda mpaka likatulia.

Televisheni zilianza Tanzania Bara mwaka 1994, lakini neema yetu kubwa ilikuwa Kombe la Dunia la 2002. Mechi zilichezwa Korea Kusini na Japani, kwa saa za huku ni asubuhi na mchana, kwa hiyo kila mwenye kibanda cha video kijijini alitaka betri yake iwe tayari alfajiri. Mwaka huohuo Manyara ikamegwa kutoka Arusha, Babati ikawa makao makuu ya mkoa, na wageni wakaongezeka. Kisha zikaja simu. Meza ya chaja ikafunikwa na simu za kitochi, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe.

Kifo cha biashara hakikuwa na kishindo. REA ilianza kazi 2007. Kuanzia 2012 kampuni za sola zilizokuwa na makao Arusha, kama Off-Grid Electric, zikawakopesha wanakijiji paneli za kulipia kwa simu. Leo njia ya kilovolti 400 ya kutoka Singida kwenda Namanga na Kenya inapita Babati.

Lakini hesabu za kibanda kile hazijafa. Sasa tazama ndege. Mwaka 2020 Ulaya iliidhinisha Velis Electro ya kampuni ya Pipistrel, ndege ya watu wawili inayoruka kwa betri tupu. Betri zake zina kama kilowati-saa 25, sawa na betri zetu kubwa zipatazo 30, kwa volti zaidi ya 300. Tatizo ni kwamba ndege kubwa zaidi ikitua inataka kujazwa haraka, na viwanja vingi havina waya wa kubeba mzigo huo. Ndipo watafiti wanapobuni chaja ya magurudumu: lori lenye betri zake, linajazwa polepole kwa waya mwembamba kama simtanki usiku, kisha linamimina nguvu ndani ya ndege kwa muda mfupi. Badala ya diodi nne, chaja hiyo ina swichi za silikoni kabaidi zinazowaka na kuzimika mara maelfu kwa sekunde. Hesabu ni ileile ya kibandani: chanzo dhaifu, hifadhi katikati, na joto la kuogopwa. Tofauti ni kwamba betri za Galapo ziliifuata chaja, na sasa chaja inaifuata betri.

Wanafunzi wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela pale Arusha wako karibu na watu walioifanya kazi hii kwa mikono. Na wewe mwenye chaja ya zamani stoo, usiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu kabla hujaipiga picha na kuandika ilivyofungwa.