Konseye wa Bugeshi na Waziri Mwandamizi wa Singapore

Kwenye sherehe za posa huku Bugeshi, Rwanda, kabla vinywaji havijagawiwa, macho humtafuta Konseye. Si konseye tena. Cheo hicho cha mkuu wa sekta kilipotea na mageuzi ya utawala, na mwenye muhuri siku hizi ni gitifu, yaani katibu mtendaji wa sekta, kijana wa pikipiki na simu isiyotulia. Lakini mzee bado anaitwa Konseye, bado anawekewa kiti cha mbele, na gitifu mwenyewe akifika humwamkia kwa mikono miwili. Saini hana, mshahara hana. Jina analo.

Singapore, kisiwa kisichofika nusu ya Unguja, mzee wa namna hii hawakumwacha kwenye sherehe. Walimweka serikalini. Lee Kuan Yew alikuwa waziri mkuu tangu 1959. Novemba 1990 alimwachia Goh Chok Tong, ila hakwenda nyumbani. Alibaki kwenye baraza la mawaziri akiitwa Waziri Mwandamizi. Cheo hakikuanza naye, kwani S. Rajaratnam alikishika kuanzia 1985 hadi 1988, lakini ni Lee aliyekipa uzito. Miaka 2 kabla ya kung'atuka alikuwa amewaonya wananchi kwamba hata akiwa anateremshwa kaburini, akihisi mambo yanaharibika, atainuka.

Mwaka 2004 mwanawe, Lee Hsien Loong, akawa waziri mkuu. Goh akahamia kiti cha mwandamizi, na baba akatungiwa kipya kabisa, tuseme Waziri Mlezi. Mawaziri wakuu wote watatu ambao nchi ilikuwa imewahi kuwa nao, meza moja! Hadi Mei 2011, chama chao kilipopoteza jimbo la Aljunied lenye viti 5, ndipo Lee na Goh walipojiondoa. Goh akapewa jina la Waziri Mwandamizi Mstaafu, na hilo ndilo heshima tupu, kwa sababu halimwingizi kikaoni. Mei 2024 mwana naye alimkabidhi Lawrence Wong, akabaki mwandamizi kama baba.

Kwangu mimi, mwandamizi anayeingia kikaoni hajastaafu. Fikiria waziri kijana anayetaka kuvunja sera iliyotungwa na mzee aliyekaa viti vitatu kutoka kwake. Mwalimu Nyerere alipotoka Ikulu mwaka 1985 alibaki na uenyekiti wa CCM hadi 1990, nako chumba kilikuwa kingine, lakini jicho lilikuwa lile lile.

Ufalme wa Rwanda ulikuwa na njia yake. Abiru, watunza siri za kiti cha mfalme, hawakuhitaji kuitwa mawaziri. Walichokuwa nacho kilikaa kichwani: taratibu za ufalme, kwa kauli zilizohifadhiwa kwa moyo. Wabelgiji walimhamishia Burundi Gashamura, mkubwa wao, mwaka 1925, wakadhani wamemaliza. Julai 1959 Mfalme Mutara Rudahigwa akafariki ghafla Bujumbura. Siku 3 baadaye, kwenye mazishi ya Mwima karibu na Nyanza, Gavana Mbelgiji Harroy akiwa amesimama hapo hapo, abiru wakatangaza jina la mrithi: Ndahindurwa, Kigeli wa Tano. Mkoloni alikuwa amesahau kwamba kumbukumbu haifukuzwi kwa barua.

Jamhuri ya leo ina jukwaa la ushauri la Inararibonye, wazee wenye uzoefu; ndani ya neno hilo mna kubona, yaani kuona. Linaongozwa na Tito Rutaremara, aliyewahi kuwa Umuvunyi Mkuu, yaani ombudsman wa taifa, na seneta. Wanashauri, hawaamui. Katiba ya 2003 nayo ilimruhusu rais mstaafu aliyeondoka vizuri kuomba kiti cha Seneti. Kuomba, nasisitiza.

Ng'ambo, pale mashamba yetu yanapokoma na Kibumba kuanza, Kongo ilikuwa na ukarimu zaidi: rais mstaafu aliyechaguliwa huwa seneta wa maisha. Joseph Kabila aliondoka madarakani Januari 2019. Mei 2025 Seneti hiyo hiyo ilimvua kinga, siku chache baadaye akaonekana Goma iliyokuwa mikononi mwa waasi wa M23, na Septemba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo bila yeye kuwapo. Kinga ya maisha ilidumu miaka 6.

Narudi kwa Konseye. Juzi ndugu wawili waligombania mpaka wa shamba la viazi. Gitifu alikuja na karatasi ya ardhi yenye namba na mistari, akaizungusha mara mbili asijue kaskazini ni wapi. Konseye akatembea taratibu kwenye ukuta wa mawe ya volkano, akaliwekea fimbo jiwe moja, akalitaja jina la babu aliyelilaza pale. Gitifu akaandika. Mzee alipomaliza akaomba lifti ya pikipiki hadi sokoni.