Viatu vya Vidole: Soli Nene Iliyozaa Soli Nyembamba

Leo naweka kando tarakilishi nizungumzie viatu, ingawa mtaona hatujaenda mbali sana na kazi yetu. Nazungumzia vile viatu vyenye vidole vitano kama glavu. Ukiviingiza ndani ya matatu, kila jicho linainama kutazama miguu yako. Konda mmoja aliniuliza kama nimeazima miguu ya chura! Nilicheka naye, lakini nikabaki na swali: wazo hili lilitoka wapi?

Lilitoka milimani, na lilianza na msiba. Mwaka wa 1935 wapanda milima sita walifariki katika milima ya Alps huko Italia, wakiwa na viatu visivyofaa kwa baridi na barafu. Mabuti ya enzi hizo yalikuwa na soli za ngozi zilizopigiliwa misumari. Mpanda milima mwenzao, Vitale Bramani, aliamua kutafuta dawa. Akisaidiwa na Pirelli, kampuni ya magurudumu, alitengeneza soli ya mpira yenye meno makubwa na kuisajili mwaka wa 1937. Aliiita Carrarmato, yaani kifaru cha vita, kwa jinsi meno yake yalivyofanana na minyororo ya kifaru. Kampuni yenyewe ikaitwa Vibram, kutokana na herufi za mwanzo za majina yake mawili. Waitaliano walipofika kilele cha K2 kwa mara ya kwanza mwaka wa 1954, soli za Vibram zilikuwa miguuni mwao.

Kwa hivyo hii ni kampuni iliyopata jina kwa kuukinga mguu dhidi ya mlima. Sasa sikilizeni kioja. Mwaka wa 1999, mwanafunzi wa usanifu mjini Bolzano, Robert Fliri, alikuja na wazo la kiatu kinachouacha mguu uhisi ardhi, kila kidole na chumba chake. Marco Bramani, mjukuu wa Vitale, akalipenda. Viatu vya FiveFingers vikaingia sokoni mwaka wa 2005, vikilengwa zaidi kwa mabaharia wa mashua za starehe wanaotaka mguu usiteleze kwenye sitaha. Wakimbiaji ndio waliovichukua na kuvipa kazi nyingine. Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili: wewe unaunda, mtumiaji ndiye anayeamua kitatumika kwa lipi.

Mwaka wa 2007 jarida la Time liliviweka kwenye orodha yake ya uvumbuzi bora wa mwaka. Mwaka wa 2009 kikatoka kitabu cha Christopher McDougall, Born to Run, kuhusu Wararámuri wa Meksiko wanaokimbia masafa marefu kwa ndara zilizokatwa kutoka kwa magurudumu ya gari. Kumbe ni akala zetu hizi hizi! Kisha Januari 2010, Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake wakachapisha utafiti katika jarida la Nature. Walilinganisha wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa hapa Kenya. Waliozoea kukimbia miguu mitupu mara nyingi walitua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na kishindo kilikuwa kidogo kuliko cha wanaotua kwa kisigino.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuharibika. Utafiti ulipima kishindo. Haukuthibitisha kwamba ukivaa viatu hivi hutaumia. Lakini sokoni ahadi zilikuwa zimetangulia ushahidi: misuli itaimarika, majeraha yatapungua. Mwaka wa 2012 Vibram ilishtakiwa nchini Marekani kwa ahadi hizo, na mwaka wa 2014 ikakubali kutenga dola milioni 3.75 kumaliza kesi bila kukiri kosa. Katikati ya hayo, mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young waliwafuatilia wakimbiaji 36 kwa wiki 10. Kati ya 19 waliohamia viatu vya vidole, 10 walionekana na uvimbe ulioongezeka ndani ya mifupa ya miguu. Mwaka huo huo utafiti mwingine ukaonyesha kwamba Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, waliokua bila viatu, wengi wao hutua kwa kisigino wakikimbia mwendo wao wa kawaida. Yaani hata mguu mtupu hauna fomula moja.

Mimi nilijifunza kwa njia ngumu. Nilinunua jozi ya mtumba, na Jumamosi ya pili tu nikaenda nayo milima ya Ngong. Niliporudi, wayo wa kushoto uliniuma wiki tatu. Kosa halikuwa la kiatu. Nilikuwa nimevaa viatu vyenye soli nene tangu utotoni, halafu nikabadilisha mfumo mzima siku moja bila majaribio. Ningefanya hivyo na seva ya mteja, ningefukuzwa kazi.

Sasa naenda polepole. Nilianza na dakika 20 nyumbani, kisha dukani, kisha mwendo mfupi kwenye udongo. Maumivu yakija, napumzika. Mlimani nachagua njia kavu isiyo na mawe makali, na mabuti yamo mkobani. Kuhusu usafi, viatu hivi hunuka upesi kwa sababu jasho hukwama kati ya vidole. Vifue kwa maji baridi na sabuni kidogo, ingiza kidole chako katika kila chumba, kisha vianike kivulini penye upepo, mbali na moto, kwa maana joto huharibu gundi. Soksi za vidole husaidia sana.

Wapenzi wa miguu mitupu hupenda kumtaja Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka wa 1960 bila viatu. Ni kweli. Lakini mwaka wa 1964 alishinda tena mjini Tokyo, akiwa na viatu, na kwa muda bora zaidi. Kiatu ni kifaa tu. Mguu ndio unaofanya kazi, na mguu haupendi kuharakishwa.

Haya, tuonane wiki ijayo, turudi kwenye tarakilishi.